Kabla ya Kuhamia Buluo: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Kuchunguza Mtaa na Nyumba

Mwongozo huu unawahusu walimu, wauguzi, mafundi, wafanyakazi wa reli na wa migodi wanaojiandaa kuhamia Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, na hasa wale walioonyeshwa nyumba upande wa Buluo. Wengi wanatoka sehemu za baridi za mashariki ya Kongo: Bukavu, Butembo, Goma. Wako wanaofuata kazi. Wako waliotolewa na vita, hasa tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Wote huambiwa neno moja kabla ya kufunga mizigo: Katanga ni joto.

Neno hilo lina ukweli wake, lakini limewafanya wengi wachague nyumba kwa kuogopa joto peke yake, kisha wakakutana na mambo mazito zaidi: vumbi, maji, moshi wa viwanda, na karatasi za kiwanja zisizosimama mbele ya hakimu. Likasi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,300, na Bukavu karibu mita 1,500. Tofauti kubwa iko kwenye misimu. Mtu wa Kivu amezoea mvua inayomtembelea karibu mwaka mzima. Katanga ina mvua kuanzia Novemba hadi Machi, na matone ya kwanza na ya mwisho Oktoba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Juni na Julai usiku ni wa baridi kali inayoshangaza wageni. Agosti vumbi linatawala. Septemba na Oktoba ndipo joto lenyewe linapokuja, zaidi ya digrii 30 mchana, kabla ya mvua kuufungua mwaka upya.

Anayekuja kutazama nyumba Juni ataiona yenye ubaridi mzuri. Anayekuja Januari hataona vumbi, na anayekuja Agosti hatajua maji ya mvua yanapita wapi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, ambao ningependa msomaji aushike hata akiacha mengine yote, ni huu: panga kwanza, nunua baadaye. Kaa mwaka mmoja, uone kiangazi na masika ukiwa ndani ya mtaa, ndipo ufikirie kutoa akiba yako kwa ajili ya kiwanja. Na hata kwa nyumba ya kupanga, maswali yako yaelekee ile miezi ambayo hukuiona.

Nani aulizwe

Komisyoneri, yaani dalali wa nyumba, ndiye mtu wa kwanza utakayempata, na ndiye wa mwisho kutegemewa kwa habari za mtaa. Analipwa ukikubali nyumba, halipwi ukikataa. Mtumie akuonyeshe milango, kisha rudi peke yako saa nyingine.

Rudi saa kumi na moja alfajiri kama unaweza, au mtume mtu unayemwamini. Saa hiyo mtaa unasema wazi. Ukiona kina mama na wasichana wamepanga madumu ya manjano kwenye bomba moja la mwisho wa avenyu, umeshajibiwa kuhusu maji, hata kama ndani ya nyumba uliyoonyeshwa kuna bomba linalong'aa. Mama anayeuza makala au mikate kwenye kona anajua umeme ulikatika lini na ulirudi baada ya siku ngapi, kwa sababu biashara yake inapanda na kushuka pamoja nao. Msalimie vizuri, nunua kitu, umwite mama kama inavyostahili, kisha uliza: "Mama, mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita upande gani?" Jibu lake litakuja na kidole, na kidole hicho ukifuate kwa miguu mpaka mwisho.

Shefu wa mtaa naye aonwe mapema. Ni heshima kwake, na ni kinga kwako. Anajua viwanja vyenye ugomvi, nyumba iliyowahi kuuzwa mara mbili, familia ambayo ndugu zake hawajakubaliana. Walimu wa shule ya karibu waulizwe idadi ya watoto darasani; tangu masomo ya msingi ya serikali yafanywe bure Septemba 2019, madarasa mengi nchini yamefurika, na idadi hiyo inapaswa kuingia kwenye hesabu zako pamoja na kodi. Wauguzi wa kituo cha afya wanajua ni mitaa ipi inayowaletea watoto wenye kuhara kila masika.

Kuhusu Buluo yenyewe, jina lake linajulikana nchini kote kwa sababu ya gereza lenye ulinzi mkali. Mfanyakazi mgeni azingatie jambo moja la vitendo: usipige picha wala video karibu na gereza, kituo cha askari au jengo lolote la usalama, hata kama nia yako ni kumwonyesha mke wako njia ya kwenda sokoni. Nchini Kongo picha ya namna hiyo inaweza kukutia matatani kwa siku nyingi. Waulize wakazi kuhusu njia za usiku, mahali askari wanaposimamisha watu, na saa ambazo pikipiki hazikubali tena kupakia abiria kwenda huko. Kama zamu yako inaisha usiku, hili lina uzito kuliko ukubwa wa sebule.

Aliye mbali asiyeweza kuja aombe video isiyokatwa: mtu aanze barabarani, apite getini, aingie kila chumba, afungue bomba, awashe taa, atoke mpaka chooni na uani, bila kusimamisha simu. Picha zilizochaguliwa hazitoshi. Na pesa isitumwe kabla mtu wa upande wako hajaingia ndani ya nyumba kwa miguu yake.

Upepo unatoka wapi

Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Mji huu, uliojulikana kwa jina la Jadotville mpaka 1966, ulikua kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilianzisha kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme huko Shituru mwaka 1929, na Gécamines ikarithi. Leo kuna kampuni nyingine pia. Palipo na kazi ya shaba na kobalti pana tindikali, moshi na vumbi la madini. Hilo halimaanishi kwamba mji mzima haufai kukaliwa. Linamaanisha kwamba kilomita mbili za tofauti, au upande wa kushoto badala ya kulia wa kiwanda, zinaweza kuamua mtoto wako atavuta hewa gani.

Kiangazi upepo wa Katanga huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Mfano wa wazi uko Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza 1911 kilimwaga moshi wake kwa miongo mingi kuelekea kaskazini-magharibi, na upande huo ardhi iliungua: miti ya miombo ilikufa, udongo ukabaki wazi, na majani machache tu yanayovumilia shaba ndiyo yaliyosalia. Watafiti wanauita ukanda huo koni ya uchafuzi, na unaonekana mpaka leo. Fundisho lake linatumika Likasi vilevile. Simama mbele ya nyumba uliyoonyeshwa, uliza viwanda viko upande gani, mawe na mabaki ya machimbo yamelundikwa wapi, kisha pima: upepo wa kusini-mashariki unavileta kwako au unavipeleka mbali nawe?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven ulipima mkojo wa wakazi wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti na madini mengine kwa viwango vya juu sana, na watoto walizidi watu wazima. Sababu inaeleweka: mtoto hucheza chini, hula kwa mikono yenye vumbi. Kilomita tatu si ukuta, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia unapotazama ramani.

Kuna dalili unazoweza kuzisoma bila mashine. Pitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya fremu ya dirisha na juu ya kabati, uone rangi yake. Tazama mabati ya majirani: moshi wa tindikali huyala mapema, kwa hiyo mabati ya miaka michache yaliyojaa kutu yanakuambia kitu, hasa ukilinganisha na ya mtaa mwingine wa umri uleule. Tazama majani ya miembe na mipapai kama yameungua kingo. Chunguza uwanja: mahali ambapo hakuna kinachoota isipokuwa lile ua dogo la zambarau la ardhi ya shaba, ambalo wachimbaji wa zamani walilifuata kutafuta madini, usipande lengalenga wala matembele. Kuosha mboga huondoa vumbi la juu; madini yaliyopandishwa na mizizi hayaondoki kwa maji.

Uliza pia mchanga na kokoto za kujengea zilitoka wapi. Likasi iko kilomita 20 hivi kutoka Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu la Hiroshima. Serikali iliufunga kwa wachimbaji wadogo mwanzoni mwa 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Udongo na mawe kutoka kwenye machimbo ya zamani havina kazi ndani ya kuta za nyumba ya familia, hata vikiuzwa kwa bei ya chini.

Nyumba iliyo kando kabisa ya barabara kuu inayounganisha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nayo ifikiriwe mara mbili. Malori ya shaba, kobalti na tindikali hupita usiku na mchana. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe jimboni Lualaba, lori la tindikali ya salfa liligongana na basi na watu karibu 20 wakafa.

Maji, kisha umeme

Swali la maji lisiwe "kuna maji?" Kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza yanatoka saa ngapi, siku ngapi kwa juma, mwezi wa tisa hali ikoje, na familia inakunywa yapi. Mara nyingi utagundua nyumba moja ina vyanzo vitatu: bomba la shirika la maji, Regideso, la kufulia, foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) ya jirani ya kunywa, na kisima cha uani kwa siku mbaya. Kila kimoja kina gharama yake, na jumla hiyo ni sehemu ya kodi hata kama mwenye nyumba haitaji.

Kisima cha uani kipimwe umbali wake na choo. Mita 30 ni kipimo cha kuaminika. Katika viwanja vidogo vya mjini mara nyingi utakuta kumi au chini yake, na hapo hesabu lazima ihusishe vyoo vya majirani pia, kwa sababu maji ya chini ya ardhi hayajui ua. Mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kilishika Lubumbashi na Likasi. Na Novemba 2007 shehena ya mawe yenye mionzi, iliyokuwa imekamatwa na kupaswa kupelekwa Shinkolobwe kuzikwa, ilitupwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Basi maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na ifahamike kwamba kuchemsha kunaua wadudu tu. Chumvi za madini hubaki palepale. Kwa sababu hiyo mito inayopokea maji ya viwandani, kama Panda unaoteremka kuelekea Lufira na ziwa Tshangalele, isitumiwe kwa kunywa wala kumwagilia mboga.

Umeme wa Likasi una historia ndefu: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekuwa likizalisha tangu 1930. Hata hivyo ukaribu wa bwawa hauleti taa chumbani. Kinachoamua ni kabini ya mtaa, yaani transfoma, hali ya nyaya, na idadi ya nyumba zilizounganishwa. Uliza kabini iliungua mara ya mwisho lini na nani alilipa kuitengeneza. Katika mitaa mingi wakazi huchangishana wenyewe, na mpangaji mpya hudaiwa mchango wiki ya kwanza. Uliza kama kuna deni la shirika la umeme, SNEL, kwa jina la nyumba. Deni hilo litakufuata wewe uliye ndani.

Kuisoma nyumba

Anza na paa. Likasi iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Februari, wakati mawingu ya mvua yanatukinga, na karibu na tarehe 20 Oktoba, katikati ya mwezi wa joto. Mchana wa Oktoba, basi, joto linaingia kupitia bati zaidi ya kupitia ukutani. Nyumba ya mabati isiyo na dari itakuwa tanuri kuanzia saa nne asubuhi, hata iwe na madirisha makubwa kiasi gani. Dari, hata ya mbao nyepesi, na matundu ya hewa chini ya paa pande mbili zinazokabiliana, vina thamani kuliko feni isiyo na umeme. Ukuta mrefu unaotazama magharibi utahifadhi joto la alasiri na kulitoa usiku. Chumba cha watoto kisiwe upande huo.

Juni jua liko kaskazini. Dirisha linalotazama kaskazini hupokea jua la kutwa katika miezi ya baridi, na ni zawadi kubwa. Wageni wengi hawalitarajii hilo, na wanaishia kuingiza mbabula ya makala chumbani usiku wa Julai, wakafunga madirisha na kulala. Hewa ya makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa huua bila harufu. Nyumba inayopata jua la kaskazini na yenye milango inayofungika vizuri itakuondolea kishawishi hicho; mablanketi yamalize kazi iliyobaki.

Kuta zifuate. Katika Katanga matofali mengi hufyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, vile virefu kama nyumba vinavyoonekana kila upande, kwa sababu udongo wake ni mzito na hushikamana. Tofali lililochomwa vizuri likigongwa na jenzake hulia kama chungu. Lisiloiva hutoa sauti ya kufa. Kwaruza kwa msumari pembeni mahali pasipo na plasta: likitoa unga kwa urahisi, ni bichi au halikuiva. Nyumba ya matofali mabichi inaweza kudumu miaka mingi, mradi msingi umepanda juu ya ardhi na paa limetokeza nje kiasi cha kukinga mvua. Ukiona futi mbili za chini za ukuta zimeliwa na kuwa nyembamba kuliko juu, hiyo ni kazi ya maji yanayoruka kutoka ardhini, na masika mawili yajayo yatamaliza kilichobaki.

Rangi mpya ukutani, chini tu, inataka kuulizwa. Alama ya maji mara nyingi hufunikwa hivyo wiki moja kabla ya mpangaji kuja. Weka kiganja juu ya ukuta, usikie ubaridi na unyevu. Nusa kabati za ukutani. Nyufa zinazokwenda kwa ngazi kutoka kona ya dirisha zinaashiria msingi unaosogea, wakati nyufa nyembamba za plasta hazina neno. Gonga fremu za milango na kingo za mbao za paa kwa kipini cha kisu: sauti tupu ni ya mchwa, na mchwa waliotengeneza vichuguu vile hawajahama. Katika nyumba za zamani za kampuni unaweza kukuta shuka za saruji yenye asbesto juu ya paa. Zikiwa nzima hazina hatari kubwa. Usikubali zitobolewe, zikatwe au zisuguliwe familia ikiwa ndani.

Tembea nje mpaka mwisho wa avenyu. Likasi ni mji wa vilima, na mvua ya Katanga humwagika kwa nguvu baada ya miezi ya ukavu. Mfereji uliokuwa wa futi moja mwaka juzi unaweza kuwa korongo leo. Kama kuna viroba vya mchanga vimepangwa nyuma ya ua, hapo ndipo mahali pa kuuliza maswali marefu.

Karatasi

Hapa ndipo watu wa kazi wanapopoteza pesa za maisha. Nitaeleza kwa kirefu.

Nchini Kongo ardhi ni mali ya serikali. Sheria ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 18 Julai 1980, inasema haki juu ya kiwanja inathibitishwa na hati moja tu: certificat d'enregistrement, inayotolewa na Conservateur des titres immobiliers. Karatasi nyingine zote ni hatua za njiani. Fiche parcellaire ya komini inaonyesha nani anakikalia kiwanja. Contrat de location ya ofisi ya ardhi ni ya muda, inampa mtu nafasi ya kujenga. Barua ya mauzo iliyotiwa saini mbele ya shefu ni ushahidi wa malipo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayochukua nafasi ya certificat. Na certificat ikishapita miaka miwili, haki zilizoandikwa humo hazishambuliki kirahisi; anayedai amedhulumiwa hubaki kudai fidia. Sheria hiyohiyo inampa Mkongomani haki ya kudumu juu ya ardhi. Mgeni wa taifa lingine hupata haki ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, omba nambari ya certificat na nambari ya kadasta, uende mwenyewe ofisini kuomba ithibitishwe: jina la mwenye haki, mipaka, na kama kuna rehani au kesi. Usikubali nakala ya muuzaji peke yake. Kisha leta mpimaji alinganishe mawe ya mipaka na ramani, mbele ya majirani wa pande zote nne.

Historia ya Likasi inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Watu walilala majuma na miezi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa. Nyumba ziliachwa, zilikabidhiwa majirani, au ziliuzwa kwa bei ya kutupa chini ya vitisho. Watoto wa familia hizo wako hai, na wengine wana karatasi za baba zao. Unaponunua nyumba ya miaka hiyo au ya kabla yake, fuatilia mlolongo wote wa wenye nyumba tangu wa kwanza, usiridhike na yule wa mwisho. Ni haki yao, na ni usalama wako.

Nyumba za wafanyakazi wa Gécamines na wa reli zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Kati ya 2003 na 2004, katika mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini kwa malipo ya mkupuo. Wengi wamezeeka au wamefariki katika nyumba hizo, na leo anayekuuzia anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, robo tatu ya urithi ni ya watoto wote wa marehemu, waliozaliwa ndani na nje ya ndoa waliotambuliwa. Saini ya mmoja haiuzi nyumba ya wote. Dai maandishi ya kikao cha familia, saini za warithi wote, na ya mjane kama yupo. Na uliza kwanza kama kampuni iliwahi kuitoa nyumba hiyo kwa maandishi, au familia inaikalia tu.

Ardhi ya pembezoni mwa mji mara nyingi huuzwa kwa baraka za chifu wa Basanga. Baraka hizo ni za kuheshimiwa, na kuzipuuza kunaleta ugomvi. Zikishapatikana, safari ya kwenda kadasta inabaki palepale.

Jambo la mwisho la karatasi ni madini yaliyo chini ya miguu yako. Kiwanja kinaweza kuwa safi kwa ofisi ya ardhi na wakati huohuo kikawa ndani ya kibali cha uchimbaji. Ofisi ya Cadastre Minier, CAMI, ina ramani za vibali zinazoweza kutazamwa na kila mtu. Mpe mtu mwenye intaneti aziangalie, au uliza ofisini. Kolwezi imetufundisha kwa uchungu: ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilieleza jinsi wakazi wa Cité Gécamines, mtaa wenye nyumba imara, umeme na maji, walivyolazimika kuondoka kupisha mgodi. Uzuri wa nyumba hauzuii mgodi kupanuka.

Mkataba wa kupanga

Upangaji wa nyumba za kuishi unatawaliwa na sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015. Garanti, yaani pesa ya dhamana, ya nyumba ya kuishi haipaswi kuzidi miezi mitatu ya kodi. Utaombwa zaidi, na utaambiwa ndiyo desturi. Jibu kwa adabu, taja sheria, pendekeza miezi mitatu iandikwe kwenye mkataba. Wako wenye nyumba watakaokataa, na kukataa huko nako ni habari kuhusu miaka mtakayokaa pamoja. Malipo ya komisyoneri yaandikwe kando, yasichanganywe na garanti, na yatolewe baada ya saini.

Mkataba uwe wa maandishi, upitie ofisi ya makazi ya komini, na mtu anayesaini athibitishwe kuwa ndiye mwenye nyumba au ana barua ya kumwakilisha. Ambatisha hali ya nyumba siku ya kuingia, chumba kwa chumba: vioo vilivyopasuka, bomba linalovuja, doa la dari, idadi ya funguo, namba ya mita ya umeme na ya maji pamoja na tarakimu zilizosomwa siku hiyo. Andikeni nani atalipa kabini ikiungua, nani atasafisha choo kikijaa, na kama garanti itatumika kwa miezi ya mwisho au itarudishwa mkononi. Ziwe nakala tatu zenye saini za pande zote mbili: moja ya mwenye nyumba, moja ya mpangaji, moja ibaki komini. Piga picha kila ukurasa siku hiyohiyo, uitume kwa ndugu aliye nje ya Likasi, kabla ya kushusha godoro la kwanza.